Utalii unakuja Fizi: sisi tuliorudi tutasimama wapi?

Haya ni maandishi ya mazungumzo ambayo komite ilitoa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Baraka. Tunayaweka katika jarida kwa ajili ya wanachama walio mbali na wafadhili walioomba kuyasoma. Tumeyaacha karibu na namna yalivyosemwa.

  Tunawashukuru mulioacha mashamba na mitumbwi kuja kukaa juu ya viti hivi vya kuazima.

Komite ilipotangaza kwamba leo tutaongea habari ya utalii, wengi walicheka. Mama mmoja alituuliza: «Watalii? Hapa? Wanakuja kutazama nini, mashimo ya barabara?» Hatukukasirika, juu ya swali ni la haki. Tuko na watoto ambao hawajalipiwa masomo, tuko na wajane ambao nyumba zao zinavuja, na barabara ya taifa namba 5 kutoka Uvira, wakati wa mvua, munaijua wenyewe. Nani anaweza kusimama mbele ya watu kama hao na kuanza kusema habari ya hoteli na wazungu wenye kamera?

Lakini tunaomba mutuvumilie. Hatukuja kuwauzia ndoto. Tumekuja kusema juu ya mchanga. Ule mchanga wa kando ya ziwa ambapo wamama wanaanika ndagala asubuhi. Kuna watu wanaoutazama mchanga huo kwa jicho lingine, na sisi komite tulikosea kidogo hata ukawa karibu kuponyoka mikononi mwetu. Kosa hilo tutalieleza mbele yenu bila kuficha. Kwanza turudi nyuma kidogo.

Tulichokiona ng'ambo

Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, wakati wa vita. Tulipokelewa mkoa wa Kigoma, Tanzania: wengine Nyarugusu, wengine Lugufu. Tulikaa huko miaka mingi, watoto wakazaliwa, wazee wakazikwa. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2005, HCR ilianza kuturudisha kwa meli, na wengi hapa wanakumbuka MV Mwongozo ilivyotia nanga Baraka, watu wakishuka na magodoro, masufuria na mabati. Kambi ya Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Wengine walibaki Nyarugusu mpaka leo, na wengine walipelekwa Marekani, Canada na Australia.

Kule Kigoma kuna kitu tulikiona bila kukielewa. Tuliopata ruhusa ya kutoka kambini kwenda mjini tuliona wageni wakishuka na mifuko mikubwa ya mgongoni, wakiuliza boti ya kwenda Gombe au Mahale. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Mahale tangu mwaka 1985. Zote mbili ziko kando ya ziwa lile lile tunalolivua sisi, na wageni wanalipa dolari nyingi kuona sokwe.

Sisi tulikuwa tunacheka. Sokwe! Huku kwetu wazee walikuwa wanawasikia wakipiga kelele mlimani, na hakuna aliyetulipa hata mia moja. Hatukuuliza swali lililofaa kuulizwa: pesa ile ya mgeni inapita wapi, na inafika kwa nani? Shirika la hifadhi za taifa la Tanzania lina mpango linaouita Ujirani Mwema, wa kusaidia vijiji vilivyo jirani na hifadhi. Maana yake Leta ya kule ilikubali kwamba mtu anayelala karibu na mnyama anapata hasara, na hasara hiyo inastahili kufikiriwa. Wazo hilo tuliishi nalo jirani miaka yote na hatukulibeba pamoja na mabati.

Tunachokuwa nacho

Tuseme ukweli, Fizi haiko maskini wa vitu vya kutazama.

Tuko na ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470, lenye samaki wengi ambao hawapatikani mahali pengine popote. Tuko na rasi ya Ubwari. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita hapo kwa mtumbwi wakielekea Uvira. Burton alidhani Ubwari ni kisiwa. Alikosea, lakini mpaka leo ramani zinaiita ghuba hii yetu kwa jina lake. Wazee wetu waliopiga kasia hawakuandikwa kwenye ramani.

Tuko na milima ya Itombwe, wanamokaa gorila wa nyanda za chini wa mashariki na ndege wengi ambao wataalamu wanavuka bahari kuja kuwatafuta. Tuko na pori la Ngandja, na upande wa kusini safu ya Kabobo yenye sokwe na mbega.

Tuko pia na historia. Mwezi wa 4 mwaka 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akafika Kibamba, akakaa katika milima hii mpaka mwezi wa 11. Laurent-Désiré Kabila aliweka maquis yake Hewa Bora, kabla hajawa rais wa nchi. Kuna watu ulimwenguni ambao wangependa kutembea njia hizo kwa miguu na kusikiliza mzee akieleza. Mzee huyo yuko, na kila mwaka tunazika mmoja.

Lakini historia hiyo iko na upande wa pili. Mwezi wa 5 mwaka 1975, wapiganaji wa PRP walivuka ziwa usiku, wakateka wanafunzi wanne wa kigeni kule Gombe, wakawaleta upande huu wa ziwa. Waliachiliwa baadaye. Jina baya linatembea kuliko mtumbwi wa mota, na halirudi haraka. Tunalisema hili ili tusijidanganye: bila amani hakuna mtalii, na amani hailetwi na bango la hoteli.

Tutazame Virunga, jirani yetu wa kaskazini. Ni hifadhi ya kwanza ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Iko na gorila wa milimani, iko na volkano, iko na jina duniani kote. Mwezi wa 5 mwaka 2018 mlinzi mmoja aliuawa na Waingereza wawili wakatekwa. Hifadhi ikafunga mlango kwa wageni mpaka mwezi wa 2 mwaka 2019. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, mlango ukafungwa tena. Kama Virunga inaweza kufungwa mara mbili katika miaka miwili, mtu atakayetuambia tuache mihogo na nyavu tungojee watalii, huyo anatutakia njaa. Utalii uwe mboga. Bugali tuendelee kuupika wenyewe.

Asilimia ya nini?

Sasa tufike kwenye siasa ya Leta, maana hapo ndipo umaskini unapopungua au unapozidi. Tulikaa chini na wanachama wawili wanaosoma Kifaransa na Kiingereza, tukatafuta namna nchi jirani zinavyogawa pesa ya wageni. Tuliona mambo matatu.

Rwanda, tangu mwaka 2005, inatoa sehemu ya mapato ya hifadhi kwa wakaaji wa jirani. Ilianza na asilimia 5. Mwaka 2017 ikapandisha mpaka asilimia 10, na mwaka huo huo bei ya kuona gorila ikafika dolari 1,500 kwa mtu mmoja. Pesa hiyo inajenga shule, vituo vya afya, matanki ya maji. Haigawiwi mtu mmoja mmoja.

Uganda, kwa sheria, inatoa asilimia 20. Ukisikia hivyo unasema Uganda wanapenda watu kuliko Rwanda. Pole pole! Ile asilimia 20 ni ya pesa ya kuingia mlangoni. Pesa kubwa, ile ya kibali cha kuona gorila, haimo katika hesabu hiyo. Huko kijiji kinapewa kiasi kidogo kilichopangwa mbali. Kwa hiyo asilimia 10 ya chungu kizima inaweza kushinda asilimia 20 ya kifuniko. Wanachama, kama munataka kukumbuka kitu kimoja tu katika mazungumzo haya, mukumbuke swali hili: asilimia ya nini? Siku mtu atakapokuja na kusema «jamii itapata asilimia fulani», musipige makofi. Mumuulize: ya nini? Ya pesa iliyoingia, au ya faida iliyobaki kisha nyinyi kulipana mishahara, mafuta na ndege?

La tatu ni Virunga yenyewe. Kule wanasema asilimia 30 ya mapato ya utalii inaenda kwenye kazi za jamii. Lakini kilichobadilisha maisha ya watu wengi zaidi ni umeme. Kituo cha Matebe, kilichofunguliwa mwaka 2015, kinatoa megawati 13 kutoka maji ya mto. Mwenye mashine ya kusaga anasaga hata siku ambayo hakuna mtalii hata mmoja. Hapo tulijifunza kwamba pori linaweza kulisha watu kwa njia nyingine, na kwamba mradi mzuri ni ule unaobaki wakati wageni hawaji.

Sasa tuchukue mfano mdogo wa kwetu, wa kufikiri tu. Mgeni analala usiku mmoja kando ya ziwa, analipa dolari 30. Kama kitanda kilinunuliwa Bujumbura, bia imetoka Bukavu, mchele umevuka kutoka Kigoma, kuku ni wa barafu, na mwenye nyumba anakaa Kinshasa, basi kijijini kinabaki nini? Kinabaki mshahara wa mlinzi mmoja na wa mama anayefua mashuka. Kama samaki ni wa mvuvi wetu, sombe ni ya shamba letu, mtumbwi ni wa vijana wetu na kiwanja ni cha kijiji kinacholipwa kodi kila mwezi, hesabu inageuka. Mgeni ni yule yule, dolari ni zile zile 30. Tofauti iko katika mapatano yaliyoandikwa kabla ya jiwe la kwanza.

Karatasi bila watu

Nchi yetu haiko bila sheria. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya ulinzi wa viumbe inataka watu waulizwe kabla eneo halijafungwa. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2022 inalinda wandugu zetu Wambilikimo, wenyeji wa kwanza wa mapori haya. Na dekreti ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake wa desturi uwe wake kwa karatasi, mpaka hektari 50,000, bila kuununua na bila mwisho wa miaka. Wangapi kati yetu tulijua hivyo? Tuinue mikono. Munaona.

Tuko na mfano karibu. Itombwe ilitangazwa kuwa hifadhi mwezi wa 10 mwaka 2006 kwa amri ya waziri huko Kinshasa. Waliokuwa wanaishi ndani ya pori walisikia kisha jambo kuisha kuandikwa. Watu wakakataa. Walikuwa na haki ya kuogopa, juu walijua yaliyopata Wambilikimo wa Kahuzi-Biega, waliofukuzwa katika pori lao miaka ya 1970 ili hifadhi ikae, na ambao mpaka leo wengi wao hawana shamba la kuweka jembe. Dunia nzima inaijua Kahuzi-Biega kwa gorila. Wachache wanajua nani alilipa tiketi ya kwanza.

Lakini Itombwe haikuishia kwenye kukataa. Wanakijiji, mashirika na ICCN walikaa miaka. Walitembea na wazee, wakachora ramani: hapa makaburi, hapa mashamba, hapa wanapowinda, hapa pori tupu. Mwaka 2016 jimbo la Kivu ya Kusini likatoa amri mpya yenye mipaka iliyopatanwa. Haikumaliza shida zote, na usalama kule juu bado ni kazi ngumu. Lakini ilionyesha kitu: karatasi ya Leta inaweza kurekebishwa, kama watu wanakuja na ramani yao mkononi. Wangekuja na makelele peke yake, hakuna aliyewangojea.

Kosa letu

Sasa tufike kwenye lile tuliloahidi.

Sisi tuliorudi tuko na kidonda cha udongo. Tulipotoka ukimbizini, wengine tulikuta mashamba yetu yanalimwa na watu waliobaki au waliokuja nyuma yetu. Wengine tulikuta mpaka umehamishwa na mti wa alama umekatwa. Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta, na ile amri ya rais iliyopaswa kueleza haki za udongo wa desturi haijatoka mpaka leo. Kwa hiyo mtu anaweza kulima mahali alipozikwa babu yake, na bado mbele ya ofisi akaonekana kama mpita njia. Yule mwenye karatasi anamshinda mwenye makaburi.

Katika hali hiyo, walikuja wageni katika kijiji kimoja cha kando ya ghuba. Hatutaji kijiji, hatutaji kampuni, juu ya jambo halijaisha. Walikuwa wamevaa vizuri na maneno yao matamu: mradi wa utalii, payoti kando ya maji, kazi kwa vijana, kisima, labda shule. Waliomba shirika letu liwasaidie kukusanya watu. Na sisi, kwa furaha ya kuonekana tunafahamika, tulizunguka na kipaza sauti. Sisi wenyewe tuliwaita watu. Watu wakaja, wakapewa fanta na biskuti, wakapigwa picha. Kisha ikapita karatasi ya kuandika majina. Walisema ni orodha ya waliohudhuria tu, kama ilivyo desturi ya mikutano yote ya mashirika. Tuliandika. Asiyejua kuandika alitia kidole.

Miezi sita nyuma, kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa na kazi yake katika ofisi fulani aliona faili. Ndani yake kulikuwa na ombi la kupewa ufuko ule, kutoka mto mpaka mwamba. Na nyuma ya ombi, kama ushahidi kwamba wakaaji wamekubali, kulikuwa na orodha yetu ya fanta.

Usiku huo komite haikulala. Tuliwaza wamama. Ule ufuko ambao katika faili unaitwa «eneo tupu» unajaa watu saa kumi na mbili asubuhi kuliko soko. Mitumbwi inarudi na taa zake, wanunuzi wanangoja na mabeseni, na wamama wanatandaza ndagala juu ya mchanga na nyavu kuukuu. Jua la siku moja nzuri linaweza kulipa masomo ya mtoto. Mvua moja inaweza kuyaondoa. Wajane wengi wa shirika hili hawana shamba, hawana mtumbwi. Wako na mchanga ule tu. Yeye mtalii anaona mahali pa kulala juani. Mama anaona meza yake ya kazi. Ukiweka ukuta hapo, umemfukuza mama kazini, na hakuna anayeandika hivyo katika ripoti, juu hakuwa na mshahara wa kuhesabu.

Tulifanya nini? Kwanza, tulirudi kijijini na kukiri. Ilikuwa vigumu. Mzee mmoja alituambia: «Mulituita kwa kipaza sauti. Sasa mutuambie ukweli kwa kipaza sauti hicho hicho.» Tulifanya hivyo. Pili, tulimtafuta mtu anayejua sheria, naye akatuonyesha kwamba kabla ya udongo wa vijijini kutolewa, sheria inadai uchunguzi ufanyike mahali penyewe, watu wenye haki waulizwe na maneno yao yaandikwe. Orodha ya mahudhurio haiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi huo. Tatu, tuliandika barua ya kupinga, tukaweka sahihi zetu, safari hii chini ya maneno tuliyoyasoma mbele ya wote kwa Kibembe na kwa Kiswahili. Barua ilipokelewa, tuko na nakala yenye muhuri. Faili halijafungwa. Mpaka tunapoongea hivi, wamama bado wanaanika. Zaidi ya hapo hatuwezi kuwaahidi.

Tunachopendekeza

Hatupingi utalii. Mtu mwenye njaa hafungi mlango. Tunapendekeza mkutano huu ukubali mambo matano.

La kwanza: kuanzia leo, hakuna mwanachama wa komite atakayeita watu katika mkutano wa mradi kabla ya kusoma karatasi zote za mradi huo. Na kila orodha ya majina iandikwe juu yake, kwa Kiswahili: «Hii ni orodha ya waliohudhuria, haiko makubaliano.»

La pili: tuchore ramani ya ufuko wetu, kijiji kwa kijiji, kama wandugu wa Itombwe walivyochora pori. Tuandike mahali pa kuanika, mahali pa kutia nanga, mahali samaki wanapozalia ambapo hata sisi wavuvi tunapaswa kuacha kupitisha nyavu, makaburi, njia za kwenda kuchota maji. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii na kula nyumba na ufuko. Kwa hiyo ramani ionyeshe pia sehemu iliyobaki ni nyembamba namna gani. Mwenye mradi akija, tumfungulie ramani, tumwonyeshe mahali anapoweza kujenga na mahali asipoweza.

La tatu: vijiji vilivyo na msitu wa desturi huko juu vianze kuuliza njia ya ile dekreti ya mwaka 2014. Ni njia ndefu, inadai mikutano, ramani na uvumilivu. Lakini kijiji chenye karatasi ya msitu wake kinaongea na mgeni kikiwa kimekaa juu ya kiti.

La nne: tuanze na mtalii tuliye naye. Nani? Mtoto wetu. Kila mwaka wanakuja wandugu kutoka Marekani, kutoka Ulaya, kutoka Lubumbashi, kuona wazazi, kuoa, kuzika. Wako watoto waliozaliwa Nyarugusu ambao hawajawahi kuona Ubwari. Wako wafanyakazi wa mashirika wanaokaa Baraka na kila siku ya kwanza ya juma hawajui waende wapi. Hao hawahitaji hoteli ya nyota tano. Wanahitaji chumba safi chenye chandarua, choo kizuri, samaki wa kuchoma, na mtumbwi wenye majaketi ya kuokolea watu. Wavuvi wetu wa ndagala wanapumzika siku za mwezi mkubwa, juu taa haivuti samaki mbalamwezi ikiwaka. Siku hizo mitumbwi imelala ufukoni. Ndizo siku za kutembeza wageni, bila kumnyima mvuvi usiku wake wa kazi. Tuko na vikundi vya akiba na likelemba. Kikundi kimoja cha wamama kimeisha kukubali kujaribu vyumba viwili. Tuanze na viwili.

La tano: tuombe viongozi wetu, wa sekta, wa teritware, wa mji na wa jimbo, kwamba kodi yoyote itakayochukuliwa kwa mgeni iwe moja, iandikwe ukutani, na sehemu ya kijiji ijulikane ni asilimia ngapi na ya nini. Leo mgeni akitoka Uvira anakutana na kamba barabarani, hapa jetoni, pale «kahawa» ya mtu wa zamu. Mgeni mmoja anaweza kuvumilia. Hatarudi na wenzake.

Kwa wafadhili, na kwetu

Wafadhili wetu, tunajua munapenda kuona jengo. Jengo linapigwa picha. Sisi mwaka huu tunaomba kitu kisichopigwa picha: nauli ya wazee watakaotembea mipaka, mafuta ya mtumbwi wa kuchora ramani, malipo ya mtaalamu wa sheria, kutafsiri sheria tatu kwa Kiswahili na Kibembe, na makaratasi ya ofisini. Tutawaletea hesabu kama kawaida, pamoja na nakala ya ramani. Na kama munakutana huko kwenu na mtu anayetafuta kuwekeza kando ya ziwa hili, mumwambie kwamba kuna watu hapa wanaongojea kuongea naye.

Wanachama, nyinyi tunawaomba mchango wenu wa kila mwezi usimame palepale, na kila kijiji kichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kutembea na ramani. Tunawaomba pia kitu kigumu zaidi. Milimani na ufukoni humu tuko Wabembe, Wafuliiru, Wabuyu, Wazoba, Wanyamulenge, Wambilikimo, na tumeumizana. Ramani ikichorwa na kabila moja peke yake itakuwa sababu ya vita, na hapo mwenye kampuni atapita katikati yetu akichukua anachotaka. Tukitembea pamoja, hata pole pole, hata tukibishana juu ya kila mti, ramani itakuwa na nguvu.

Tulitoka katika nchi hii bila kuulizwa, vita ilitutoa. Tulirudi kwa hiari yetu, tukaandika majina yetu kwa HCR tukijua tunaweka sahihi ya nini. Kuanzia sasa, kila jina tunaloliandika liwe namna hiyo.

Sasa tunawapa nafasi ya kuuliza maswali. Tungependa wamama wa ndagala waanze.